Neno la Kushusha Gunia

Siku Eliezer alipomwona Jokébed kwa mara ya kwanza, alimwona chini ya meza.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa pili, mwaka 2001, katika depo moja ya kahawa huko Vulamba, mjini Butembo. Vita vilikuwa vimeshazoeleka kama mvua, lakini kahawa haijui vita; ikiiva inaiva, na mtu akiweza kuipitisha barabarani, inafika. Ndani ya depo kulikuwa na meza nne ndefu. Wanawake waliketi pande zote mbili wakichambua punje kwa vidole: nyeusi huku, zilizovunjika huku, zilizotobolewa na wadudu kule, na nzuri zikabaki katikati. Eliezer alikuwa na kigoda chake mlangoni. Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia kwa sindano ndefu na uzi wa katani, na alikuwa ameifanya miaka kumi na saba bila kumsumbua mtu kwa maneno. Hakuwa na mke. Wanawake wa depo walikuwa wakimtania kwamba sindano yake inaongea kuliko yeye.

Asubuhi ile lori la Kasimu lilikuwa limefika kutoka Mabalako. Kasimu alikuwa dereva wa Beni, Mwislamu mwenye mizaha, na tangi lake la mafuta lilikuwa na matundu ya risasi aliyoyaziba kwa sabuni. Wapagazi wake walishusha mzigo kama walivyoushusha siku zote: mmoja juu anasukuma, gunia linaanguka lenyewe kwenye saruji. La kwanza lilipoanguka, pu, Eliezer aliinua macho akaona kigoda kimoja cha meza ya tatu kinabingirika peke yake.

Mwanamke mgeni, aliyeanza kazi siku ileile, alikuwa chini. Mkono wa kulia ulifunika kichwa. Wa kushoto ulikunjwa kifuani kama bawa la kuku lililovunjika. Wanawake walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Miaka ile watu wa Butembo walizoea kucheka yale ambayo wangeyalilia kama wangekuwa na nafasi. Mmoja akamwambia mgeni kwamba hapa tunachambua kahawa, kazi ya kukamata panya tumemwachia paka.

Eliezer hakucheka, kwa kuwa aliona kitu. Mgeni alipotoka chini ya meza, midomo yake ikiwa bado ya kijivu, alifungua kiganja cha kulia. Punje alizokuwa akichambua zilikuwa mlemle, zimelowa jasho. Akazirudisha moja moja kwenye mafungu yake, nzuri kwa nzuri, nyeusi kwa nyeusi, bila kukosea hata moja. Halafu akaketi, akaendelea na kazi.

Habari zake Eliezer alizipata polepole, maana mtu wa mdomo mdogo huwa na sikio kubwa. Jokébed alizaliwa Butembo, akaolewa Kalunguta na mkulima aliyeitwa Luc. Mwezi wa kumi wa mwaka uliopita mume na mke walishuka mjini na maharage, wakauza, wakapanda lori kurudi na chumvi na sabuni. Kwenye kona moja, karibu kabisa na kwao, watu wenye bunduki walitoka kwenye matete wakapiga. Watu gani, hakuna aliyesema; siku zile wenye bunduki walikuwa wa aina nyingi mno, na jina lililowatosha wote lilikuwa hilohilo. Luc alifia juu ya gunia la chumvi. Risasi nyingine ilipita kwenye bega la kushoto la Jokébed, naye akalala chini ya mume wake, hajui nani kati yao ndiye anayelowa, mpaka walipokuja watu wa kijijini.

Madaktari wa Butembo walilishona bega. Baada ya miezi miwili kidonda kilifunga, kovu likabaki laini kama kifungo cha koti, wakamwambia amepona, aende nyumbani. Nyumbani kulikuwa Kalunguta, safari ya lori isiyomaliza hata asubuhi moja, na huko alikuwa amemwacha binti yake Joyeuse, wa mwaka mmoja na nusu, kwa nyanya yake mzaa baba. Jokébed alikwenda kwenye kituo cha malori. Akaweka mguu juu ya gurudumu, akaushusha. Alirudi kesho yake na siku iliyofuata. Mara ya nne hakurudi tena. Akapanga chumba Vulamba na kutafuta kazi ya mkono mmoja.

Ndipo ulipokuja ujumbe wa wakwe zake, ambao depo nzima iliujua kwa sababu mleta ujumbe aliutoa kwa sauti mbele ya meza zote nne. Mbuzi wa mahari walikwisha kutolewa zamani, mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Mama akimtaka mtoto, aje. Ikiwa maharage ya mwezi wa sita yatavunwa na yeye hajakanyaga Kalunguta, basi Joyeuse atalelewa huko na asimwite tena wake.

Jokébed alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa," kama mtu aliyeambiwa kwamba leo soko limehama, akarudi kuchambua.

Jambo hilo liliwachukiza wanawake kuliko kujificha chini ya meza. Walikuwa tayari kumhurumia mwoga. Mama mwenye moyo mkavu hawakujua wamfanyeje.

Eliezer alichukua wiki nzima kutunga sentensi moja. Aliisema kimya wakati wa kushona, akaibadilisha, akaisema tena, na siku lori liliporudi alimwendea Kasimu akiwa na sindano mkononi kama fimbo. Alimwomba kwamba kabla gunia halijaanguka, wapagazi waseme.

Kasimu alimtazama kutoka juu hadi chini. "Bakubwa, mutu ya magunia ameongea. Leo mvua itanyesha." Halafu akauliza, "Baseme nini?"

Eliezer hakuwa amefikiria hilo. "Baseme tu, Inashuka."

"Inashuka," Kasimu alirudia, akiionja. "Iko muzuri. Haina siasa."

Tangu siku hiyo wapagazi waliimba neno hilo kabla ya kila gunia. Mwanzoni Jokébed aliruka hivyohivyo. Baada ya wiki mbili alishika ukingo wa meza kwa nguvu lakini akabaki kitini. Neno likawa la depo nzima: mtu akiweka chini sufuria ya sombe ya majani ya muhogo, inashuka, mtoto akiteremshwa mgongoni, inashuka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini hawakusema kama ung'ongo ukipiga hodi kwanza itakuwaje. Eliezer alifikiri amepata dawa.

Kumbe alikuwa amegusa kona moja tu ya mambo. Jokébed alianza kuketi mwisho wa meza, mgongo ukutani, mahali anapoona mlango, na hapo palikuwa karibu na kigoda cha Eliezer. Akamwona vizuri. Siku nyingine alifika macho mekundu, hajalala, na siku hizo ndizo alizomfokea jirani kwa kumgusa kiwiko. Siku nyingine alikuwa mpole, depo imetulia, hakuna lori, na ghafla mtu akifungua mche wa sabuni mpya macho ya Jokébed yaliondoka. Mwili ulibaki kitini. Yeye mwenyewe hakuwepo. Akirudi, mikono ilikuwa baridi. Mtu akitaja Kalunguta, aliinuka kwenda kuchota maji hata kama ndoo imejaa. Na habari za Joyeuse zikiletwa, kwamba ameota jino, kwamba sasa anasema maneno mawili matatu, alitikisa kichwa tu.

Kila jambo lilipewa mganga wake. Kwa usingizi, mama mmoja wa sokoni alimchemshia majani. Kwa kushtuka, kikundi cha sala kilimfungisha siku tatu. Kwa hasira, msimamizi wa meza alimwonya. Kwa moyo mkavu, wanawake walisema dawa ni mume mwingine, na hapo walimtazama Eliezer, naye akajichoma sindano kidoleni. Ila hakuna aliyeyamwaga yote kwenye mkeka mmoja akayatazama, na hao walikuwa watu ambao kazi yao ni kuchambua.

Eliezer naye alikuwa na dawa yake. Alijifanya miguu ya Jokébed. Soko liko karibu na kituo cha malori, basi yeye alikwenda kumnunulia unga. Barabara kubwa ina kelele, basi alimwonyesha kinjia cha nyuma, kati ya migomba na kuta za watu. Alipoona anashindwa hata kumpa Kasimu kifurushi cha nguo za mtoto, alikichukua yeye, akapanda lori, akakipeleka Kalunguta mwenyewe. Alifanya hivyo mara mbili.

Kalunguta alimkuta nyanya wa mtoto, Mama Agar, mwanamke mrefu, mkimya, aliyefunga kitambaa cheusi cha kilio. Eliezer alisalimu, akaweka kifurushi, akamtazama Joyeuse akifukuza vifaranga uani, akala alichowekewa, akashukuru, akaondoka. Maharage ya Mama Agar hayakuwa na chumvi hata kidogo, mara ya kwanza na mara ya pili. Alifikiri ni uhaba wa vita. Hakuuliza. Hakusema pia yeye ni nani kwa Jokébed, wala kwa nini Jokébed hakuja. Alikuwa ametunga maneno njiani, yakamwishia mlangoni.

Kwa hiyo Mama Agar alijitungia maelezo mwenyewe. Mwanaume asiyejulikana, analeta nguo za mtoto, anaona haya. Ujumbe wa pili ulikuja mkali kuliko wa kwanza: wamemwona bwana wake mpya, maneno yataamuliwa na wazee, na siku ya mwisho ni ileile.

Jokébed alipousikia hakusema hata sawa. Wiki hiyo aliacha kula na wenzake. Eliezer alitamani ardhi impokee.

Mwezi wa nne mvua ziliponyesha, bega lilianza kumuuma, na Eliezer akamsindikiza mpaka kituo cha afya, kwa kinjia cha nyuma. Muuguzi aliitwa Berthe, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alilipapasa bega, akalisifu, akasema hili limepona. Halafu, badala ya kumwita mgonjwa mwingine, alivuta kiti.

"Unalalaka?"

"Hapana."

"Na ukilala?"

"Ile kona."

"Na muchana?"

Jokébed alisema kwamba mchana vilevile, harufu ya sabuni tu inatosha. Berthe aliuliza, naye akajibu, neno moja moja, kama mtu anayetoa miiba. Alisema hapandi lori. Alisema anajua kwamba mtoto ni wake, anajua kama mtu anavyojua jina la mji, lakini akitafuta ndani kile alichokuwa akikisikia kwa mtoto, hakioni. Hapo ndipo sauti yake ilipokatika, na Eliezer akaelewa kwamba "sawa" aliyoisikia siku ile haikuwa moyo mkavu. Ilikuwa sauti ya mtu anayepekua nyumba iliyoibiwa.

Berthe alivua miwani, akasema kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa, donc kwa maana ya basi, mais kwa maana ya lakini. "Mama, weye hauna magonjwa nne. Iko moya. Ile yenye inarudi mu kichwa, ile yenye unakimbia, moyo wenye kufunga mulango, mwili wenye kukesha zamu kama soda ya jeshi: hiyo yote inatembeaka pamoja, nyuma ya kidonda. Nimeiona kwa benye kupigwa risasi, nimeiona kwa benye kuanguka na lori. Moya inakamata mukono ya ingine. Haulali, donc unaruka. Unaruka, donc unakimbia. Unakimbia, donc moyo hapana kujua kama vita imeisha kule."

Kisha akamgeukia Eliezer na kumuuliza nani huenda sokoni kwa niaba ya huyu mama. Eliezer aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Na kituoni?"

Mkono ulibaki juu.

"Donc ni weye unamufungia mulango kwa inje, papa. Kwa roho nzuri, mais unafunga."

Walirudi nyumbani kwa kinjia kilekile. Katikati ya migomba Eliezer alisimama. Alitaka kuomba msamaha. Alichoweza kusema ni kwamba kesho wapite barabara kubwa. Jokébed alisema atajaribu.

Walianza kidogo kidogo, kama Berthe alivyowaagiza. Barabara kubwa kwanza, mpaka alipoacha kutafuta kinjia. Kisha soko. Kisha kituo, kusimama tu na kutazama malori kama watazamavyo watu ng'ombe wa wengine. Mwisho Kasimu aliombwa lori lake. Alilisimamisha mbele ya depo, injini imezimwa, akakaa mbele anatafuna karanga, Jokébed akapandishwa nyuma. Siku ya kwanza alitapika pembeni ya gurudumu. Kasimu alisema hiyo si kitu, hata yeye mwenyewe akifikiria breki za gari hili hutapika. Siku ya tatu alikaa mpaka karanga zikaisha. Wiki ya tatu Kasimu aliwasha injini, akiwa ametangaza kwanza kwa sauti ya muadhini kwamba inawaka. Wanawake wa meza ya tatu walitoka kutazama. Walipoona ameshika ubao kwa mkono mmoja, macho wazi, machozi yanateremka lakini yuko, yule aliyesema habari za panya ndiye aliyevua kitenge chake akamtupia ajikinge na upepo.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita, maharage yakianza kukauka mashambani, walipanda kwenda Kalunguta. Eliezer alikaa karibu, akaagizwa kutosema kitu na akalishukuru agizo hilo. Kona ilipokaribia, Kasimu alipunguza mwendo. Matete yalikuwa marefu, mabichi, na upande mmoja mtu alikuwa amepanda viazi. Jokébed alihema kwa kelele. Hakufumba macho. "Kumbe ni kadogo," alisema walipopita. "Hii kona ni kadogo tu."

Wazee walikuwa wamekwisha kukaa kwenye kyaghanda, kibanda cha wazi chenye moto katikati, ambako wanaume wa ukoo hukata maneno yao. Mkubwa wao alikuwa Mzee Mathe, kaka wa marehemu baba yake Luc. Mama Agar alikaa pembeni na Joyeuse mapajani, na mtoto alipomwona mama yake aliuficha uso kwenye kitambaa cheusi. Jokébed alianza kunyoosha mkono, akaurudisha.

Mama Agar alisema mambo yake bila kupandisha sauti. Miezi minane, mama hakuja. Habari za mtoto zikipelekwa, anajibu kama amepewa habari za mbwa wa jirani. Mwanaume anatumwa na vinguo. Yeye Agar amemzika mwanawe. Hatamtoa mjukuu kwa mtu asiyemlilia.

Mzee Mathe alimwuliza Jokébed kama hayo ni kweli. Alijibu kwamba kutokuja ni kweli, na kujibu vile ni kweli, na mwanaume si kweli. Wazee wakamgeukia Eliezer. Alisimama, ingawa hakuna aliyesimama pale. Maneno yote ya Berthe aliyoyatunza tangu mwezi wa nne yalitawanyika kama punje mezani. Akashika la kwanza alilolipata.

"Muzee, mutu akikwambia anaitwa Kasereka, unajua nini?"

"Najua ni mutoto mwanaume ya tatu. Hata kuku anajua."

"Mais bakubwa bake, ya kwanza na ya pili, haujabaona."

"Sijabaona. Beko. Ao balikuwako."

"Ni vile kwa huyu mama. Nyiye muliona moya tu, ile ya kukosa kuulizia mutoto, mukasema ni roho mubaya. Mais ile ni Kasereka. Iko na bakubwa bake. Kukosa usingizi, na ile kona, na..." Aliona macho yote juu yake. "Mama yabo ni moya. Ni ile risasi," alisema, akaketi kabla hajaanguka.

Mzee mmoja alicheka, akasema siku hizi mpaka washona magunia wanakuja kuwafundisha watu wa Kalunguta majina ya watoto wao. Mzee Mathe hakucheka. Akaagiza chakula, maana mgeni aliyesafiri hahukumiwi na njaa.

Mama Agar alileta ugali na maharage. Jokébed alimega, akachovya, akatia mdomoni, akaacha kutafuna. Akameza taratibu. Akamega tena, kama mtu asiyeamini ulimi wake. Halafu akamtazama mama mkwe wake kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mama, unapikaka bila munyu, bila chumvi."

Mama Agar alisema kwamba ndivyo wanavyokula.

"Tangu Luc," Jokébed alisema.

Moto ulilia kidogo. Mama Agar alikuwa bado ameshika kibakuli cha mchuzi. Akakiweka chini, akakikosa chini, kikainama na kumwagika, naye hakukiangalia. Wazee waliokuwa wakila chakula hicho miezi minane na kunung'unika walitazama vidole vyao.

"Munyu ilikuwa mwekundu," Mama Agar alisema. "Balinileteaka gunia, balisema ingali muzuri chini."

Jokébed alimwuliza shambani hupita wapi. Mama Agar alijibu kwamba hupita juu, kwenye kilima, na wote wa pale walijua kwamba kupita kilimani ni mwendo mara mbili kuliko kupita kwenye kona. Akamwuliza kama analala. Mama Agar alisema huweka mchi nyuma ya mlango na kuusikiliza mpaka jogoo. Jokébed alisogea mpaka magoti yao yakagusana. Hakumkumbatia; hakuwa amefika huko. "Nimepita mu ile kona leo," alimwambia. "Ni kadogo, mama. Balipanda viazi."

Ndipo Mama Agar alipolia, kwa sauti nene isiyo yake, na Joyeuse, kwa kuogopa kilio cha nyanya, alitoroka mapajani, na kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukimbilia aliangukia kwa Jokébed.

Mzee Mathe alingoja. Kisha alisema kwamba kumbe Kasereka anao ndugu zake hata katika nyumba hii, na wao walikuwa wakimlaumu mpishi. Akaamua kwamba siku ya maharage imefutwa. Mtoto atakwenda na mama yake, na nyanya atakwenda nao mpaka mtoto azoee, na huyo muuguzi wa miwani ya uzi awaone wote wawili.

Hawakupona kama watu wanavyopona homa. Mama Agar alikaa Vulamba miezi mitatu, na siku alipotia chumvi kwenye chungu, kwa ncha ya vidole, alitoka nje kwanza akakaa juani. Joyeuse aliendelea kumwita nyanya yake mama, huku Jokébed akiitwa "ule mama," mpaka Krismasi. Jokébed alimweleza Eliezer kwamba mapenzi ya mtoto yalimrudia kama damu inavyorudi kwenye mkono uliolaliwa: kwanza ganzi, halafu kuchomachoma, halafu maumivu, ndipo mkono. Na mwaka 2002, risasi zilipolia upande wa pili wa mji, alikuwa tena chini ya meza. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwanamke wa panya aliingia akakaa naye hukohuko, wakachambua kahawa kwenye sakafu.

Mwaka 2003, vita viliposemwa kuwa vimekwisha, Jokébed aliitwa Beni kuwa msimamizi wa wachambuaji katika depo mpya. Eliezer alifurahi, kama alivyomwambia kila mtu aliyemuuliza. Alikuwa na sentensi nyingine aliyoitunga tangu siku ya kona. Alikuwa ameishona na kuifumua miaka miwili.

Asubuhi ya safari alibeba mizigo mpaka kituoni, akampandisha Joyeuse juu ya lori la Kasimu, akasimama chini na mikono isiyo na kazi. Jokébed alikaa ukingoni, mahali pa upepo, akimtazama. Alingoja. Kasimu naye alingoja, akijifanya anakagua gurudumu ambalo halikuwa na kasoro, mpaka gurudumu lenyewe likaona haya. Eliezer alisema barabara leo si mbaya. Jokébed alisema kweli, si mbaya.

Injini iliwaka. Jokébed aliinama akatoa kutoka miguuni pake kigunia kidogo, cha kahawa isiyozidi kilo mbili, punje ambazo Eliezer alikuja kuona baadaye kwamba zilichambuliwa mpaka hakuna hata moja yenye tundu. Mdomo wake ulishonwa kwa katani, kushona kwa mkono mmoja na meno, kumepinda huku na huku. Alikiinua juu ya ukingo wa lori, kwa mkono wa kushoto, ule wa risasi, ambao Eliezer hakuwa amewahi kumwona akiuinua namna hiyo. Hakukiachia. Alisubiri mpaka Eliezer alipofungua mikono yake miwili.

"Inashuka, Eliezer."